Siku ya Yuri: Methali iliyohifadhi haki waliyopokonywa wakulima wa Urusi

KUNA methali ya Kirusi inayotamkwa mtu anapovunjwa moyo ghafla, pale alipotarajia neema akaletewa balaa. Ukiitafsiri neno kwa neno, inasema hivi: 'Haya nyanya, Siku ya Yuri ndiyo hiyo!' Anayejifunza Kirusi huambiwa na mwalimu wake kwamba ni kauli ya masikitiko, sawa na kusema matumaini yameota mbawa. Mwanafunzi ataiandika daftarini na kusonga mbele. Atakuwa amejua namna ya kuitumia, ila hatakuwa amejua imebeba nini. Yuri ni nani? Siku yake ilikuwa na nini hata kukosekana kwake kukawa msiba? Na huyo nyanya anayepashwa habari anahusikaje?

Maswali haya yanatupeleka kwenye mila za Waslavi, yaani Warusi, Waukraine, Wabelarusi, Wapolandi, Wacheki, Waserbia, Wakroati, Wabulgaria na ndugu zao wengine wa lugha. Yanatupeleka pia mahali ambapo wengi hawatarajii kufika kwa njia ya mila, nako ni kwenye kitabu cha sheria.

Tuanze na jina. Yuri ni Mtakatifu George, askari Mkristo anayesimuliwa kwamba aliuawa kwa ajili ya imani yake mnamo mwaka 303, enzi ya Diocletian, mtawala wa Roma. Jina lenyewe, Georgios, ni la Kigiriki na limetokana na neno lenye maana ya mkulima, mtu anayeifanyia ardhi kazi. Msomaji aiweke maana hiyo akilini maana tutaihitaji baadaye. Lilipoingia katika lugha za Kislavi, jina hilo lilivaa sura nyingi. Wapolandi wanasema Jerzy, Wacheki Jiří, Wakroati Juraj, Waserbia Đorđe au Đurađ. Warusi peke yao wana maumbo matatu: Georgi la kanisani na la nyaraka, Yuri lililopendwa na wana wa watawala, na Yegor la wanavijiji. Si jambo geni kwetu. Nasi tuna Yohana, Yahya na Joni, majina matatu yaliyotoka chimbuko moja na kupitia milango mbalimbali.

Katika nchi za Waslavi wa Mashariki mtakatifu huyu ana sikukuu mbili. Ya kwanza ni tarehe 23 Aprili, ambayo Wakristo wengi duniani huiadhimisha. Ya pili ni tarehe 26 Novemba, nayo ilizaliwa Kyiv. Mtawala Yaroslav, aliyeitwa Mwenye Hekima, alibatizwa kwa jina la Georgi. Katikati ya karne ya 11 alijenga kanisa la mtakatifu wa jina lake, nayo siku ya kulitabaruku ikaingia katika kalenda ya ibada. Ndiposa Warusi wana msemo kwamba wana akina Yegor wawili, mmoja wa njaa na mwingine wa baridi. Wa njaa ni wa Aprili, wakati ghala zimekauka na mavuno mapya yako mbali. Wa baridi ni wa Novemba, majira ya kipupwe yanapobisha hodi. Ifahamike kuwa tarehe hizi ni za kalenda ya zamani ya Juliasi. Kwa kalenda ya Gregori tunayoitumia leo, zinaangukia 6 Mei na 9 Desemba.

Mila nyingi zimejikusanya kwenye Siku ya Yuri ya Aprili. Waslavi waliamini kwamba mtakatifu huyu ana funguo, na kwamba siku hiyo huifungua ardhi iliyofungwa na baridi na kuuachilia umande. Umande huo ulikuwa dawa. Watu waliamka alfajiri, wakajipaka usoni au wakagaagaa nyasini wapate afya na nguvu za mwaka mzima. Lakini dawa hiyohiyo ilikuwa na hatari yake. Waukraine, Wabelarusi na Wabulgaria waliamini kwamba wachawi hutoka usiku wa kuamkia sikukuu hiyo, wakaburura vitambaa kwenye malisho ya jirani na kukamua umande, na pamoja na umande wakaondoka na maziwa ya ng'ombe wa watu.

Ilikuwa pia siku ya kuwatoa mifugo nje kwa mara ya kwanza baada ya miezi ya kufungiwa zizini. Hata nyasi zikiwa bado haba, ng'ombe walitolewa. Waliswagwa kwa vijiti vya mti ambao Warusi huuita verba. Hivi ndivyo vilivyobarikiwa kanisani Jumapili ya Matawi, kwa kuwa mitende haioti kwenye baridi kali. Mwenye mifugo alilizunguka kundi akiwa na picha takatifu, mkate, mshumaa na yai. Waswahili wana neno mwafaka kabisa kwa tendo hili, nalo ni zindiko. Kaskazini mwa Urusi mchungaji aliyezindika kundi alifungwa na miiko msimu mzima. Hakuruhusiwa kunyoa nywele, kuchuma matunda ya porini wala kushikana mikono na watu. Akivunja mwiko, kundi lote lilikuwa hatarini.

Hatari yenyewe ilikuwa mbwa-mwitu. Waliitwa mbwa wa Yuri, na iliaminika kwamba yeye ndiye anayewagawia riziki. Mnyama aliyeliwa alichukuliwa kuwa amekwisha kuandikiwa. Ndiyo sababu wanavijiji walisema kwamba kilicho kinywani mwa mbwa-mwitu kimetolewa na Yegor mwenyewe.

Tukishuka kusini hadi Rasi ya Balkan tunakuta sikukuu ileile ikiwa kubwa zaidi. Waserbia huiita Đurđevdan, Wabulgaria Gergyovden. Kwa Wabulgaria ni siku ya mwanakondoo. Maziwa ya kwanza hukamuliwa kupitia shada la maua, mwanakondoo huchomwa mzima, na katika baadhi ya vijiji mifupa yake ilifukiwa kwenye kichuguu ili kondoo waongezeke kama siafu. Waserbia huoga kwa maji yaliyolazwa na maua na majani ya porini. Wakroati na Waslovenia, ambao ni Wakatoliki, huiadhimisha tarehe 23 au 24 Aprili. Humchagua kijana wakamfunika matawi mabichi kuanzia kichwani hadi miguuni, wakamwita Juraj wa Kijani na kumtembeza nyumba kwa nyumba. Waroma wa Balkan nao huisherehekea kwa jina la Ederlezi. Neno hilo lina asili moja na Hıdrellez, sikukuu ya majira ya kuchipua ya Waturuki ambayo UNESCO iliitambua kuwa turathi ya ulimwengu mwaka 2017 kwa ombi la Uturuki na Macedonia.

Ninapowafundisha wanafunzi wangu habari kama hizi, hakosi mmoja wa kuuliza: 'Prof, si huo ni ushirikina tu?' Ni swali la haki, lakini neno lenyewe lina mzigo. Ushirikina umetokana na shirki ya Kiarabu, yaani kumshirikisha Mungu na kitu kingine. Ni neno la hukumu ya kidini. Linatuambia msemaji anaionaje mila hiyo, ila halituambii mila hiyo inafanya kazi gani. Mtafiti akianza na hukumu, mara nyingi haendelei na uchunguzi.

Hebu tuchunguze mfano mmoja. Waserbia na Wabulgaria walikuwa na mwiko wa kutokula nyama ya mwanakondoo kabla ya sikukuu hii. Wanaoukiuka, waliambiwa, watajiletea nuksi. Ukiutazama kwa jicho la mfugaji, mwiko huu unawalinda wanakondoo kipindi ambacho watu wana njaa na kishawishi cha kuchinja ni kikubwa kuliko wakati wowote. Waserbia walikataza pia kulala nje na kuoga mtoni kabla ya siku hiyo. Ardhi ya Aprili huko bado ina baridi ya kuua mtu. Sisemi kwamba kila mwiko una siri ya kitaalamu nyuma yake. Kukamua umande kwa kitambaa hakuna maelezo ya namna hiyo, isipokuwa pengine kwamba hofu ya kupoteza maziwa ilitafuta mtu wa kulaumiwa. Lakini miiko mingi ilikuwa njia ya jamii isiyotumia maandishi kuweka ratiba na kuilazimisha ifuatwe.

Wapo wataalamu waliokwenda mbali zaidi. Vyacheslav Ivanov na Vladimir Toporov nchini Urusi, na Radoslav Katičić wa Croatia, walijenga hoja kwamba nyuma ya Yuri amejificha Jarilo, mungu wa kale wa machipuko. Walitumia mfanano wa majina na mabaki ya nyimbo za kienyeji. Ni hoja yenye mvuto, ila habari za Jarilo zimetufikia kupitia maandishi ya baadaye sana, karne nyingi baada ya Waslavi kubatizwa. Kilicho wazi ni kwamba kanisa lenyewe lilijua kuna mambo mawili yanayoendelea kwa pamoja. Baraza la kanisa lililofanyika Moscow mwaka 1551 lililalamikia michezo ya usiku wa kuamkia sikukuu ya Yohana Mbatizaji. Mapadri walikemea, watu wakaitikia amina, kisha wakaendelea na mambo yao.

Sasa tuje kwenye kiini cha makala haya. Mkulima asiyejua kusoma hakuhesabu siku kwa tarehe. Alihesabu kwa watakatifu. Katika Balkan wachungaji waliajiriwa kuanzia Siku ya Mtakatifu George hadi Siku ya Mtakatifu Demetrius mwezi Oktoba, na ujira wao ulipimwa kwa kipindi hicho. Hata hajduk, yaani majambazi na waasi wa msituni walioupinga utawala wa Waturuki, walifuata kalenda hiyohiyo. Walikutana Siku ya George, majani yakiwa yameota ya kuwaficha, wakatawanyika Siku ya Demetrius majani yalipopukutika. Kwa hivyo, siku ya mtakatifu ilikuwa mkataba. Kila mtu aliijua, na hakuna aliyeweza kudai kwamba hakuarifiwa.

Dola ya Moscow iliukuta utaratibu huo na kuutia katika sheria. Mwaka 1497, chini ya Ivan wa Tatu, kilitolewa kitabu cha sheria kiitwacho Sudebnik. Kifungu chake cha 57 kilisema kwamba mkulima anaweza kumwacha mwenye shamba na kuhamia kwingine mara moja tu kwa mwaka, wiki moja kabla na wiki moja baada ya Siku ya Yuri ya Novemba. Majira hayo yalikuwa na mantiki. Mavuno yamekwisha kuingia ghalani, kodi imelipwa, na theluji ya kuburuzia mizigo iko njiani. Haikuwa desturi ya Moscow pekee. Pskov walikuwa na kanuni ya aina hiyohiyo, ila wao walitumia siku ya kuanza mfungo wa Filipo katikati ya Novemba.

Kuhama hakukuwa bure. Mkulima alilipia nyumba aliyokuwa akiishi, ruble moja katika maeneo ya tambarare na nusu ruble katika maeneo ya msitu ambako mbao hazikuwa shida. Aliyekaa mwaka mmoja alilipa robo, miaka miwili nusu, miaka mitatu robo tatu, na miaka minne ada kamili. Sudebnik ya pili ya mwaka 1550, enzi ya Ivan wa Nne, iliithibitisha haki hiyo na kuiongeza ada kwa altyn 2. Kwa mkulima hizo zilikuwa fedha nyingi. Mara nyingi aliyezitoa alikuwa kabaila tajiri aliyetuma watu wake kuwalipia wakulima wa jirani na kuwahamishia kwake. Hata hivyo, mlango ulikuwepo. Mwenye shamba mkatili alijua kwamba Novemba itafika.

Mlango huo ulifungwa kidogo kidogo. Vita vya Livonia vya miaka 1558 hadi 1583, pamoja na ukandamizaji wa Ivan wa Nne dhidi ya raia wake kati ya 1565 na 1572, viliyaacha maeneo mengi bila watu. Maaskari waliolipwa kwa ardhi badala ya mshahara walijikuta na mashamba yasiyo na wa kuyalima. Wakaililia serikali. Kuanzia mwaka 1581 hivi, palitangazwa miaka ya katazo ambapo haki ya kuhama ilisimamishwa. Kilichoitwa cha muda kikawa desturi. Tarehe 24 Novemba 1597, siku mbili tu kabla ya Siku ya Yuri, ilitolewa amri ya kuwasaka na kuwarudisha wakulima wote waliotoroka katika miaka 5 iliyotangulia. Mfalme alikuwa Fyodor, lakini aliyeshika hatamu alikuwa shemeji yake, Boris Godunov. Njaa kuu ya miaka 1601 hadi 1603 ilimlazimu Godunov, ambaye sasa alikuwa mfalme, kuiregeza amri kwa baadhi ya wakulima, kisha mlango ukafungwa tena. Kitabu cha sheria cha mwaka 1649 kikapiga msumari wa mwisho kwa kuondoa kikomo cha muda wa kusakwa. Mkulima na uzao wake wakawa wa shamba milele. Hali hiyo ilidumu hadi Alexander wa Pili alipoifuta mwaka 1861, yaani miaka 212 baadaye.

Wanahistoria wamebishana sana kuhusu jambo hili. Vasily Tatishchev, katika karne ya 18, aliisoma amri ya 1597 na kukisia kwamba lazima palikuwa na amri nyingine mnamo 1592 iliyomfunga mkulima moja kwa moja. Karne moja baadaye Vasily Klyuchevsky alipinga. Kwake yeye, kilichomfunga mkulima ni madeni. Mkulima aliyekopa mbegu na ng'ombe kwa mwenye shamba hakuweza kulipa ada, hivyo haki yake ikafa mikononi mwake kabla ya dola kuiua kwenye karatasi. Kwa maoni yangu, hoja hizi mbili hazipingani kama zinavyoonekana. Deni lilimzuia mkulima mmoja mmoja, nayo sheria ikawazuia wote kwa pamoja, hata yule aliyekuwa na ada yake mfukoni.

Hapa ndipo turejee kwa nyanya. Nyanya ni yule mzee wa nyumba aliyezoea maisha ya zamani, anayejua kwamba mambo yakizidi unga mtasubiri Novemba. Siku ya Yuri ikafika kama kawaida, lakini ile ruhusa haikuja nayo. 'Haya nyanya, Siku ya Yuri ndiyo hiyo!' Ni kejeli chungu ya mtu aliyefunga mizigo akaambiwa aifungue. Vladimir Dal, aliyezikusanya methali za Kirusi katika kitabu kilichotoka mwaka 1862, aliikuta ikiwa hai kabisa, karne mbili na zaidi baada ya haki yenyewe kufa. Alexander Pushkin, mshairi ambaye babu ya mama yake alitoka Afrika, aliutia mjadala wa siku hiyo katika tamthilia yake ya Boris Godunov.

Kamusi nayo ina ushahidi wake. Kirusi kina kitenzi obyegorit, kumlaghai mtu, kinachohusishwa na jina Yegor. Kuna kingine, podkuzmit, kinachohusishwa na Kuzma, mtakatifu wa mwanzoni mwa Novemba ambaye siku yake pia ilikuwa ya kulipana na kumaliziana hesabu. Baadhi ya wanaisimu husema vitenzi hivyo vilizaliwa kwenye udanganyifu wa siku hizo za malipo. Wengine huviona kuwa mzaha wa majina tu. Lakini ukweli kwamba wasemaji wenyewe wameviunganisha na siku hizo unaonyesha jinsi kumbukumbu ilivyokaa.

Mfasiri wa Kiswahili ana kazi ngumu hapa. Hali ya mkulima yule tuiite nani? Mtumwa halitoshi, kwani hapo mwanzo hakuwa mali ya mtu bali alifungwa kwenye ardhi. Skwota halifai, kwani skwota hufukuzwa, na huyu alikatazwa kuondoka. Binafsi hupendelea kusema mkulima mfungwa wa ardhi, japo ni refu. Na hata hilo linahitaji tahadhari, maana kufikia karne ya 18 makabaila wa Urusi walikuwa wakiwauza watu hao bila shamba, sawasawa na watumwa. Kumbuka sasa maana ya jina Georgios. Siku ya mtakatifu ambaye jina lake ni Mkulima ndiyo iliyokuwa ya uhuru wa wakulima, na ndiyo waliyoikumbuka walipoupoteza.

Sikukuu ya Novemba haikufutwa. Kanisa liliendelea kuiadhimisha, na wanavijiji waliendelea na mila zao. Walikwenda kisimani kusikiliza maji: yakitulia, kipupwe kitakuwa cha upole; yakivuma, kutakuja baridi kali na dhoruba. Walisema kwamba dubu ameingia pangoni kulala na kwamba mbwa-mwitu sasa watasogea karibu na boma. Mtalii wa karne ya 19 aliyewaona wameinama kisimani angeandika kwamba ni watu wenye imani za ajabu. Hangejua kwamba babu zao, siku hiyohiyo, walikuwa wakipakia vyungu na mbegu na kumuaga bwana wasiyempenda.

Sisi tunaokusanya methali za lugha zetu tuna la kujifunza. Mikusanyo mingi ya methali hutupa maana na matumizi, basi. Ni nadra kuelezwa methali ilianza kusemwa lini, na nani, na alikuwa amepoteza nini. Wazee wanaoweza kutujibu wangali wapo, nao hawataishi milele. Tuwaulize mapema.